Kufuli Nje, Mtu Ndani

Kijijini Sikuda, mpakani mwa Kenya, mgeni akiuliza jina la mtu kabla ya kusalimia, mwenye jina huwa amekwisha kusafiri. Hata kama anaonekana pale jikoni akipuliza moto, amesafiri. Mtoto wa huko hufunzwa hivyo kabla hajafunzwa kuhesabu, na wala haitwi mwongo. Huitwa mtoto aliyelelewa.

Ndiyo maana alfajiri ile, pikapu nyeupe isiyo na maandishi ilipopunguza mwendo karibu na ua wake, Teopista hakuhitaji kufikiri. Alikuwa anafagia uwanja. Aliuegemeza ufagio ukutani, akatembea bila haraka hadi kwenye kijumba cha nyuma alimolala binti yake Elinah, akatoa kufuli kwenye mkunjo wa leso na kulifunga kwa nje. Nyumba yenye kufuli nje haina mtu ndani. Kisha akarudi kwenye ufagio wake kana kwamba alikwenda kufukuza kuku.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Jana yake mchukuzi wake wa magendo aliamka na malaria, na madumu mawili ya mafuta ya kupikia yalikuwa yamelala upande wa Kenya yakimngoja. Teopista alimkuta Elinah akipangusa baiskeli yake ya mashindano.

"Mara moja tu, mwanangu," alimwambia. "Wewe si unazunguka huko kila siku bure?"

"Mama, Kocha Paddy akisikia atanichinja."

"Paddy hali hapa. Mafuta ndiyo yanakulisha."

Elinah aliweka kitambaa chini. Alirudisha keria aliyokuwa ameing'oa siku nyingi, akaenda, akapita njia ya panya katikati ya mihogo ya watu, na kabla jua halijachwa madumu yalikuwa chini ya kitanda cha mama yake. Usiku ulipoingia watu wa ushuru wakamvamia jirani yao Ajambo, wakabeba kila kitu, hata sufuria. Nao walikuja na pikapu isiyo na maandishi. Teopista alilala macho wazi, akijiuliza ni nani aliyewaonyesha mlango wa Ajambo, na ni nani atakayewaonyesha wake.

Sasa walikuwa hapa. Mwanamke mmoja mnene, viatu vyeusi vinang'aa kama vya watu wa ushuru, na mwanamume aliyebaki karibu na gari.

"Hapa ndiyo kwa Among Elinah?" mwanamke aliuliza, akitazama saa yake.

Hata salamu hakuna. Teopista akapiga ufagio mara mbili tatu.

"Nyinyi nataka nani?"

"Elinah Among. Mimi naitwa Harriet. Yeye iko?"

"Elinah hayuko. Alienda Kenya."

"Lini?"

"Wiki nyingine huko." Aliusukuma mkono kuelekea mpakani, mbali, kana kwamba Kenya ilikuwa nchi ya ng'ambo ya bahari na si ule uzio wa minyaa nyuma ya choo cha kanisa. "Nyinyi ni nani yake?"

"Ni mambo yake binafsi, nyabo. Tunaweza kumwambia yeye peke yake."

Maneno kama hayo ndiyo watu wa ushuru walimwambia Ajambo mpaka akawafungulia mlango. Uso wa Teopista ulibaki mkavu kama ukuta. Aliwatolea vigoda. Mtu unayemdanganya mpe kigoda, alifunzwa na marehemu mama yake, anayeketi hachunguzi.

Harriet hakuketi. Alikwenda mpaka kwenye kijumba cha nyuma, akaliona kufuli, akabisha hata hivyo. "Elinah! Elinah Among!" Alibisha kwa kiganja, akabisha kwa ngumi. Ndani kimya. Kuku ndio waliojibu.

Majirani walianza kujitokeza, mmoja mmoja, kila mtu na mswaki wake mdomoni, wala hakuna aliyeitwa. Ajambo, macho bado mekundu kwa kilio cha usiku, alisema Elinah ameolewa Bungoma. Mzee mmoja akasema yuko Kampala, anasomea ushonaji. Mtoto wa darasa la tatu akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajawahi kumwona mtu wa jina hilo. Uongo wao haukukubaliana hata kidogo, lakini hapakuwa na haja. Kazi ya uongo wa namna ile ni kumchosha mgeni. Teopista aliwasikiliza na machozi yakamlengalenga kwa kuwapenda. Watu wake!

Wageni hawakuondoka. Walikaa ndani ya pikapu yao, wakatazama saa, wakashuka, wakabisha tena. Karibu na saa kumi na mbili Harriet alitoa simu na kupiga namba. Ndani ya mshipi wa busuti, gauni refu la Teopista, simu ikaanza kuimba wimbo wa kwaya.

Ilikuwa simu ya Elinah. Alimpa mama yake usiku aichaji kwenye sola ya nyumba kubwa.

Harriet aliutazama mshipi. Teopista naye akautazama, kama mtu anayeshangaa tumbo lake kunguruma kanisani. "Ni ya kwangu," alisema, akaingiza mkono na kuizima. Harriet akakata ile yake. Alisimama kidogo, mdomo umefunguka nusu kama mwenye neno, kisha akaingia garini. Mwanamume alikuwa ameshika kisanduku cha buluu mkononi tangu mwanzo. Wakaondoka.

*

"Toka, malkia!" Teopista alifungua kufuli akicheka, na majirani wakacheka pamoja naye. "Wamekwenda. Wamesimama hapa mpaka miguu ikavimba!"

Elinah alikuwa ameketi kitandani, magoti kifuani. Alikuwa mwanamke mwenye miaka ishirini na mitano, mabega mapana ya kuogelea, na mapaja ambayo shangazi zake waliyaonea haya. Lakini alivyoketi vile alionekana mtoto. Hivyo ndivyo alivyoketi tangu utoto wake kila kufuli lilipolia nje: hakohoi, hasogei, hapumui kwa sauti.

"Nilisikia wanaita jina langu," alisema. "Walikuwa nani?"

"Watu wa ushuru. Wametafuta wewe kwa jina, fikiria! Kuna mtu alikuona na madumu."

"Walisema ni wa ushuru?"

"Watasema? Mwanamke anasema mambo ya binafsi. Na mwanaume yake na kasanduku."

"Kasanduku gani?"

"Ka buluu. Kama kale ka kuuzia samaki ya barafu."

Elinah alisimama. Teopista aliuona uso wa binti yake ukibadilika, na hapo, kabla hajaambiwa neno, aliacha kucheka, kwa sababu aliwakumbuka watu wa mkojo.

Alikuwa ameelezwa. Mchezo wa Elinah ni kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, vyote mfululizo bila kupumua. Alijifunza kuogelea katika bwawa la kunyweshea ng'ombe kule Molo, na Paddy akimpigia kelele ukingoni. Alijifunza mbio kwa kupanda na kushuka jiwe la Tororo. Alipoleta medali ya fedha ya Afrika, klabu moja ya Amerika ilimwita akafanye mazoezi mwaka mzima katika mji ulioko jangwani, juu sana, mahali ambapo pumzi ni haba na damu hulazimika kuongezeka. "Jangwani?" Teopista aliuliza siku hiyo. "Na kuogelea, ataogelea mchanga?" Paddy alicheka mpaka akashika mbavu. Safari ilikuwa mwezi ujao.

Lakini mchezaji wa kiwango hicho hupimwa bila taarifa, ionekane kama anatumia dawa za kuongeza nguvu. Huandika kila siku ni saa gani na wapi atapatikana, na watu huja saa hiyo kuchukua mkojo. Elinah alichagua alfajiri, nyumbani kwa mama yake, kwa kuwa hakuna mahali pa uhakika kuliko hapo. Mara mbili tayari walikuja wasimkute: mara ya kwanza alikuwa mazikoni Molo, na nani angekosa kumzika mjomba wake? Mara ya pili tairi lilipasuka Nagongera, akachelewa kurudi. Mara ya tatu ingemtoa mchezoni. Hayo yote Teopista aliyajua. Ila yeye aliwangoja watu wenye makoti meupe na gari lenye alama ya hospitali. Hakuna aliyemwambia kwamba watakuja na viatu vya ushuru.

"Mama," Elinah alisema polepole, "hao ni wale wa kunipima."

Hakungoja jibu. Alitoka na kaptula aliyolala nayo, akairuka ile keria kama ng'ombe anayeruka mtaro, na baiskeli ikatoweka kwenye barabara ya vumbi kuifuata pikapu. Majirani bado walikuwa na miswaki midomoni.

*

Eibu wa bodaboda hakuwa na petroli, kisha akawa nayo kidogo. Teopista alikaa nyuma yake na busuti imefungwa magotini, akimpiga begani. "Kimbia! Eibu, kimbia!"

"Mama Elinah, yule binti yako ni pikipiki, si mtu," Eibu alilalama. Walimwona tu walipokaribia Tororo, kwenye mwinuko wa mwisho, amelala juu ya usukani, miguu inazunguka bila huruma. Lile jiwe kubwa lilikuwa mbele yake. Teopista hakuwahi kumtazama binti yake akishindana. Nauli ya kwenda mashindanoni ilikuwa kila mara ya kitu kingine. Sasa alimwona, na aliona fahari iliyomchoma kuliko hofu.

Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa karibu na kituo cha mafuta. Harriet na mwenzake walikuwa kwenye kibanda wakinywa chai na chapati. Teopista aliposhuka, Elinah alikuwa tayari amesimama mbele yao, jasho linatiririka mpaka kwenye vidole vya miguu, amenyoosha mkono.

"Chukua! Mkojo, damu, chochote. Mimi niko hapa, chukua!"

"Saa yako imepita, dada," Harriet alisema. Alikuwa ameweka chapati chini. Haikuwa sauti ya mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Teopista zaidi. "Tuliketi pale saa yote. Sheria si yangu."

"Ni mimi!" Teopista alijitupa katikati, akapiga magoti palepale kwenye lami yenye mafuta, mbele ya madereva wa malori na wauza ndizi. "Nyabo, ni mimi ndiyo nilikosa. Elinah alikuwa ndani! Mimi nilifunga kufuli. Mimi nilidhani nyinyi ni watu ya ushuru. Alikuwa ndani, haki ya Mungu!"

Mwenzake Harriet aliacha kutafuna.

"Simama, mama. Simama kwanza." Harriet alimshika mkono, akamsogeza kando, akashusha sauti. "Sikia vizuri kabla hujasema tena. Kama hakuwepo, hiyo ni mara ya tatu kukosa. Ni miaka miwili nje ya mchezo, na pengine watampunguzia. Lakini kama alikuwa ndani, akatusikia tukimwita, akanyamaza, hiyo wanaita kujificha. Hiyo ni minne. Unanielewa? Sasa nitakuuliza mara moja, na nitaandika utakachosema."

Teopista alielewa. Maisha yake yote alisema uongo akijua ni uongo, na siku moja tu aliyoamua kuwa mkweli, aliambiwa ukweli ni ghali zaidi. Akajifuta magoti.

"Hakuwepo," alisema. "Alikuwa Kenya. Mimi nilichanganyikiwa, nyabo. Ni uchungu ya mzazi."

Harriet alishusha pumzi. Akamgeukia Elinah. "Na wewe? Asubuhi hii ulikuwa wapi?"

Ilikuwa kazi ndogo. Neno moja tu, Kenya, neno ambalo kila mtu Sikuda analisema usingizini. Teopista alimtazama binti yake na kumwombea kwa macho. Sema. Sema, mwanangu.

Elinah alikuwa anamtazama yeye.

"Tangu niko mtoto," alisema, "mtu akiniuliza, mimi niko Kenya. Askari akija, niko Kenya. Mwalimu akija kuuliza kwa nini sikuja shule, niko Kenya. Baba yangu alipotaka kunipiga, ulinifungia, ukasema niko Kenya." Alipangusa jasho machoni kwa mgongo wa mkono. "Nimechoka kutokuwepo, Mama."

"Elinah!"

"Andika nilikuwa ndani," alimwambia Harriet. "Nilisikia unaniita. Nilinyamaza. Lakini dawa sijawahi kula, hata moja. Hiyo pia andika."

Harriet aliandika. Alipomaliza hakuirudia tena ile chapati.

*

Habari haikuhitaji redio. Jioni Okedi, baba yake Elinah, alikwenda kwenye malwa, pombe ya ulezi, kama kawaida yake, na watu walikuwa wamezunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Kwa mwaka mzima alikuwa akipewa kiti kilicho karibu na chungu kwa sababu ya medali ya binti yake. Siku hiyo kiti kilikuwa na mtu.

"Okedi," alisema Otai, mchinjaji, bila kuutoa mrija mdomoni, "huyo msichana wako, kama mkojo ni safi, alikimbia nini?"

"Hakukimbia. Alifungiwa."

"Ah. Alifungiwa na mama yake." Kicheko kikawapitia wote. "Bwana, wewe una bahati. Wake wengine hufungia sukari."

Okedi alirudi nyumbani mapema, hajalewa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimtukana Teopista mpaka sauti ikamkauka, akisahau kabisa kwamba mafuta aliyokaangiwa mayai mwaka mzima yalipita njia ya panya.

Paddy alikuja siku ya pili ya juma. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, aliyewahi kubeba abiria kwa baiskeli pale mpakani enzi za ujana wake, na magoti yake yalilia alipoketi. Hakugusa chai.

"Wale wa Amerika wameshampa mwingine nafasi," alisema. "Msichana wa Kenya."

"Si utawaeleza?" Teopista alisema. "Wewe najua Kiingereza. Waambie hapa kwetu mtu akiulizwa..."

"Niwaambie nini, Mama Elinah? Kwamba kijiji kizima kinasema uongo kwa wageni, kwa hiyo wamwamini?" Alimtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Miaka nane nimemfundisha kuvumilia. Maji ya baridi, jua, kilima. Kumbe wewe ulianza kabla yangu. Ulimfundisha kunyamaza, na hilo ndilo alilolishika vizuri kuliko yote."

Teopista alitaka kusema kwamba kunyamaza huko ndiko kulikomlisha mtoto mpaka akawa na mabega ya kuogelea. Lakini aliona aibu, akainama, akachukua kikombe kisichoguswa na kukimwaga.

Uamuzi ulipokuja kwa simu, ulikuwa miaka minne, kama alivyosema yule mwanamke. Usiku huo Teopista alilitoa kufuli kwenye mkunjo wa leso, akalitupa chooni. Alilisikia likitua. Alidhani angepata nafuu, hakupata.

*

Elinah hakulia mbele ya watu. Aliendelea kuamka alfajiri kwa muda, akienda Molo kwenye bwawa la ng'ombe, kisha akaenda mara chache zaidi, kisha akaacha. Mchukuzi wa mama yake alipata kazi upande wa Kenya. Nani angebeba? Hakuna aliyemwomba. Asubuhi moja tu Teopista alitoka akamkuta binti yake anakaza keria kwa spana, kwa nguvu, kama kitu ambacho hakitang'oka tena.

"Si lazima, mwanangu," alisema.

"Tutakula nini?"

Akawa mchukuzi hodari kuliko wote. Walimwita Amerika. "Amerika leo amepita na madumu manne!" Walisema kwa mapenzi, na Teopista kila alipolisikia jina hilo alitamani kumpiga mtu kofi.

Pikapu ilikuja mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Nyeupe, bila maandishi. Teopista alikuwa anafagia. Mwanamume aliyeshuka alikuwa na viatu vilevile vinavyong'aa, na hakusalimu.

"Elinah Among ni nani hapa?"

Mkono wa Teopista ulikwenda wenyewe kwenye mkunjo wa leso. Ulikuta ufunguo peke yake. Alikuwa amelitupa kufuli na kuusahau ufunguo wake.

"Hayuko," Ajambo alikwisha kusema kutoka ng'ambo ya ua, mswaki mdomoni. "Yule aliolewa Bungoma."

"Alienda Kampala," mzee akasema.

Mlango wa kijumba cha nyuma ukafunguka. Elinah alitoka, miguu mitupu, nywele hazijachanwa, akasimama katikati ya uwanja ambao mama yake alikuwa ameufagia nusu.

"Ni mimi," alisema. "Niko."

Walikuwa watu wa ushuru, safari hii. Waliingia nyumba kubwa, wakavuta madumu kutoka chini ya kitanda, wakayapanga nyuma ya pikapu. Kisha mmoja akaishika baiskeli ya mashindano kwa keria yake, akaipandisha juu ya madumu, gurudumu la mbele likabaki linazunguka hewani. Walimwambia Elinah ashukuru Mungu kwamba hawambebi na yeye. Teopista aliwalilia, akawashika mashati, akawaambia hiyo si baiskeli ya magendo, ni ya mashindano, muulizeni mtu yeyote. Waliuliza majirani. Majirani, kwa mazoea, walisema hawajui lolote.

Pikapu iliondoka polepole, kwa sababu ya matope. Mtu mwenye mbio angeifikia kabla ya lami. Teopista alisimama, ufunguo umemchoma kiganjani, akimtazama binti yake. Majirani nao walimtazama.

Elinah aliuokota ufagio, akaendelea pale mama yake alipoishia.